Mbinu za kukinga mimea dhidi ya jalidi nyanda za juu

JALIDI, yaani umande unaoganda usiku na kuyafunika majani kwa weupe kama wa chumvi, inaweza kuangamiza viazi vya msimu mzima kwa saa chache tu. Wakulima wa Kinangop, Ol Kalou na Mau Narok wanaifahamu vyema, na mnamo Januari 2012 hata majanichai ya Kericho na Nandi Hills yaliathiriwa vibaya.

Wengi hudhani kuwa mwezi wa hatari ni Julai. Hata hivyo, mawingu ya Julai huwa kama blanketi linalozuia joto la ardhi kupotea. Usiku wa kuogopwa zaidi ni wa kati ya Desemba na Februari, wakati anga ni safi, hewa ni kavu na upepo umetulia. Joto ambalo udongo ulipokea mchana hupaa, nayo hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Ndiyo maana mkulima wa mlimani huamka akakuta mboga zake salama, ilhali za jirani aliye kando ya mto zimekuwa nyeusi. Kipimajoto cha ukutani nacho chaweza kuonyesha nyuzi 3 hali majani yaliyo karibu na ardhi yamekwisha kuganda.

Viazi, nyanya, maharagwe na maboga ndiyo huathirika upesi. Sukuma wiki, kabichi na vitunguu hustahimili kwa kiasi.

Dalili za usiku kama huo zikionekana, shamba linyweshwe maji alasiri, kwani udongo wenye unyevu huhifadhi joto kuliko mkavu. Matandazo ya nyasi kavu yaondolewe kati ya mistari kwa muda, maana huzuia joto la udongo kuifikia mimea. Kabla jua halijatua, miche ifunikwe kwa magunia au shuka kuukuu juu ya vijiti, kifuniko kifike chini pande zote. Karatasi ya plastiki isiguse majani. Yanapoigusa ndipo huungua. Vifuniko viondolewe asubuhi jua linapopasha. Viazi vilivyochipuka majuzi vyaweza kufukiwa kabisa kwa udongo, navyo vitajitokeza tena.

Desturi ya kuchoma takataka mbichi ili moshi utande shambani haina faida kubwa. Moshi hauzuii joto kupaa jinsi mawingu yafanyavyo, na mwenye shamba huishia kukohoa bure. Kunyunyizia mimea maji usiku kucha hufaa, kwa kuwa maji yanapoganda hutoa joto, lakini yakikatika kabla ya barafu kuyeyuka hasara huzidi. Mwenye tangi dogo asijaribu.

Kosa linalowagharimu wengi hutokea baada ya tukio. Mkulima huona majani meusi, akakimbilia dukani kununua dawa ya ukungu, ilhali baridi si ugonjwa. Wengine hung'oa kila kitu siku iyo hiyo. Ni heri kusubiri wiki mbili hivi, kwani shina la kiazi huweza kuchipua upya kutoka chini ya udongo. Matawi ya miti ya matunda yaliyokauka nayo yasikatwe hadi machipukizi mapya yaonyeshe sehemu iliyo hai, na msimu wa jalidi uwe umepita.