Paipu za waya: fundi anakuongezea gharama au anakuokoa?

Tuseme unamalizia nyumba yako pale Shanwe, Mpanda. Tofali za kuchoma, bati juu, plasta bado. Fundi umeme anakuletea orodha: waya, swichi, soketi, na paipu za plastiki. Hela imebana. Unamuuliza: hizi paipu si tuziache tu? Ngoja kwanza. Swali lako lina umri wa zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1882, kule London, chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme kilitoa kanuni za kufunga taa za umeme. Hofu yao kubwa ilikuwa moto. Enzi hizo nyaya zilivikwa mpira na pamba, zikalazwa kwenye mbao zilizochongwa mifereji, juu zikafunikwa kwa mbao nyingine. Unaona hatari yake: unyevu ukiingia umeme unavuja, na kilichouzunguka waya ni kuni.

Ndipo mabomba yakashika kasi. Miaka ya 1890 Sigmund Bergmann, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi na Edison Marekani, alitengeneza Berlin mabomba ya karatasi iliyotiwa lami. Waingereza wao walipenda chuma, kinachohimili kugongwa. Faida nyingine ilikuwa hii: mpira ukikauka na kupasuka, unavuta waya wa zamani na kuingiza mpya bila kubomoa ukuta.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, plastiki ya PVC ilichukua nafasi ya mpira. Nyaya nyingine zikapewa ganda la pili kwa nje. Hapo ndipo jibu lako lilipo.

Waya mmoja mmoja, wenye ganda moja tu, lazima uingie kwenye paipu: ukutani, darini, popote. Hapo hakuna mjadala. Waya bapa, ule wenye nyaya mbili tatu ndani ya ganda la pamoja, unaweza kupigwa klipu juu ya ukuta bila paipu, mradi usiwe mahali pa kugongwa. Ukiuzika kwenye plasta, paipu itakusaidia kuubadilisha baadaye. Lakini usidanganyike, paipu ya plastiki haizuii msumari. Kwa hiyo waya upite wima au mlalo kutoka kwenye swichi, usikate kona, ili anayetundika picha ajue pa kukwepa.

Pia usishindilie nyaya nyingi kwenye paipu moja. Joto halitoki, na PVC ya kawaida mwisho wake ni nyuzi joto 70. Chini ya bati dari lenyewe tayari ni moto.

Kwa miaka mingi Mpanda iliendeshwa na jenereta za dizeli, kisha ikajengwa laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora ili kuiunganisha na gridi. Umeme ukiwa wa uhakika, watu hununua friji na pasi, na nyaya zile zile ndizo zinabeba mzigo.

Hela haitoshi? Tumia waya bapa juu ya ukuta, au kwa nyumba ndogo ulizia kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari. Ila usikubali waya wa ganda moja uzikwe mtupu. Kabla ya plasta unalipia paipu tu. Baada ya plasta utalipia na ukuta.