Macau: mitaa iliyowapa vijana jina

Mwambie mtu wa Bunia kwamba Boulevard Libération inafungwa, motari wote wapishe, na mahali pao wapite vijana wenye umri wa miaka kama 18 kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 250 kwa saa. Atadhani unamtania. Macau, mji wa pwani ya kusini mwa China, huwafungia vijana hao mitaa yake kila Novemba kwa ajili ya mbio za magari.

Mbio hizo zilianza Oktoba 1954, mji ukiwa bado chini ya Ureno. Mwaka mmoja kabla, Safari Rally ilikuwa imezaliwa huku Afrika Mashariki, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Safari ilichagua vumbi, tope na masafa marefu. Macau ikabaki na lami yake na kuta. Mshindi wa kwanza, Eduardo de Carvalho, aliendesha Triumph TR2, gari ambalo mtu aliweza kulinunua dukani na kwenda nalo kazini.

Mzunguko una urefu wa kilometa 6.12. Upande wa bahari barabara imenyooka, dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kisha kona ya Lisboa inamgeuza ghafla kuelekea mlima wa Guia, ambako njia inabana kati ya kuta na nyumba. Kwenye kona ya Melco upana ni kama meta 7 tu, na kupitana hapo ni marufuku. Lami ni ileile ya mabasi na malori: siku ya kwanza inateleza, na inaanza kushika tairi kadiri magari yanavyoacha mpira juu yake. Ndiyo maana mwenye busara huongeza mwendo kidogo kidogo. Na hatari ni ya kweli: Dodjie Laurel wa Ufilipino, mshindi wa 1962 na 1963, alifariki kwenye mzunguko huo mwaka 1967.

Uamuzi mkubwa ulikuja 1983: mbio kuu zikapewa magari ya kiti kimoja ya Fomula 3, daraja la wanaotafuta njia ya kuingia langalanga, yaani Fomula 1. Hapo ndipo Macau ilipopata uzito wake. Mwaka huohuo alishinda Mbrazili aliyeitwa Ayrton Senna, na msimu uliofuata akawa tayari yuko Fomula 1.

Mwaka 1990 ushindi ulihesabiwa kwa kujumlisha muda wa mbio mbili. Mika Häkkinen alishinda ya kwanza. Katika ya pili ilimtosha kumfuata Michael Schumacher hadi mwisho. Hakuvumilia. Mzunguko wa mwisho alijaribu kupita, akamgonga, gari lake likaharibika. Schumacher alimaliza wa kwanza bila bawa la nyuma. Baadaye Mjerumani huyo alitwaa ubingwa wa dunia mara 7, Häkkinen mara 2.

Ushujaa wa dereva Sophia Flörsch nao haufai kusahaulika. Novemba 2018, akiwa na miaka 17, gari lake liliruka angani pale Lisboa na kuvuka uzio. Akavunjika mfupa wa uti wa mgongo, akafanyiwa upasuaji mrefu. Mwaka uliofuata alirudi Macau kushindana.

Mwaka 2024 Fomula 3 iliachia nafasi magari ya Fomula Regional, yenye nguvu pungufu. Aliyeshinda ni Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, Ugo Ugochukwu, akiwa na umri wa miaka 17.