Mapato Yasiyohesabiwa Kodi

Karibu kila mahali serikali inapoacha kutoza kodi, magazeti yetu huandika "msamaha wa kodi". Neno hilo lina mahali pake, lakini haliifai bima ya afya ya waajiriwa wa Marekani. Anayesamehewa ni mtu ambaye deni lake limekwisha kujulikana, na hapa hakuna deni lililowahi kuandikwa. Mwajiri anapomlipia mfanyakazi ada ya bima, fedha hizo ni sehemu ya ujira wake sawa na mshahara. Sheria inaagiza tu kwamba zisiingizwe katika mapato yake, kwa hiyo haziguswi na kodi ya mapato wala na makato ya hifadhi ya jamii. Ndiyo maana napendekeza tuseme "mapato yasiyohesabiwa kodi". Ni istilahi ndefu, nakubali, lakini inamwonyesha msomaji ni wapi hasa katika hesabu fedha hizo zinapoachwa, na hapo ndipo penye siri ya nani anapata bima na nani anaikosa.

Asili yake ni vita. Oktoba 1942, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kudhibiti mishahara na bei. Viwanda vilikuwa vikigombania wafanyakazi, huku vimekatazwa kuongeza mishahara ili kuwavuta. Bima ya afya haikuhesabiwa kuwa mshahara, basi waajiri wakaishika hiyo. Mwaka 1943 mamlaka ya kodi ikaamua kwamba ada za bima ya kikundi anazolipa mwajiri si mapato ya mfanyakazi ya kutozwa kodi, na sheria ya kodi ya 1954 ikaukaza uamuzi huo. Vita vilikuwa vimekwisha siku nyingi. Utaratibu wa dharura ukabaki. Leo Wamarekani zaidi ya milioni 150 wana bima kupitia kazi, yao wenyewe au ya mtu wa familia yao.

Tuwachukue wafanyakazi wawili wa mfano, kila mmoja akilipiwa na mwajiri ada ya dola 8,000 kwa mwaka. Mwenye kipato kidogo, ambaye dola yake ya mwisho hutozwa asilimia 12, anaepuka kodi ya mapato ya dola 960. Mwenzake aliye katika kiwango cha asilimia 37 anaepuka dola 2,960. Ada ni ileile, ila mkono wa serikali umekuwa mzito zaidi upande wa mwenye nacho. Yuko na wa tatu, ambaye mwajiri wake hatoi bima: huyu kwa kawaida huinunua kwa fedha zilizokwisha kutozwa kodi. Ni kweli sheria ya afya ya 2010 imeleta ruzuku kwa wengi wa namna yake, lakini ruzuku hiyo hupimwa kwa kipato na huombwa, wakati mwajiriwa hupata yake bila hata kujua kwamba anasaidiwa. Hulijua siku anapoachishwa kazi. Sheria ya 1986 inamruhusu kubaki katika bima ileile, kwa kawaida kwa miezi 18, ila anaweza kutakiwa alipe hadi asilimia 102 ya gharama yote: sehemu aliyokuwa akikatwa, sehemu iliyokuwa ikilipwa na mwajiri, na asilimia mbili za uendeshaji. Mshahara umekatika, na hapo ndipo yale mapato yasiyohesabiwa yanapomjia kwa umbo la bili.

Kenya, ambako kodi huitwa zaidi ushuru, inaonyesha kwa nini tunahitaji maneno tofauti. Anayenunua bima ya afya kwa kampuni binafsi hupata nafuu ya asilimia 15 ya ada, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka, na nafuu hiyo huondolewa baada ya kodi kukokotolewa. Mchango wa bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75 ya mshahara, umewekwa tangu mwishoni mwa Desemba 2024 upande wa makato yanayotolewa kabla ya kodi. Kwa viwango vya 2025, anayelipwa shilingi 100,000 kwa mwezi huchangia 2,750 na kodi yake hupungua kwa 825. Anayelipwa 20,000 huchangia 550 na hapunguziwi kitu, kwa kuwa hakuwa na kodi ya kupunguzwa. Ukiyaita yote mawili "msamaha", tofauti hii huioni.

Wapo watakaosema kwamba neno "msamaha" limezoeleka na wananchi wanalielewa. Wanalielewa, lakini kwa maana ya hisani ya serikali kwa mtu mnyonge, na hesabu tuliyoifanya inaonyesha kinyume. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kazi ni mahali pazuri pa kukusanya watu wa bima, kwa sababu wagonjwa na wazima huingia pamoja bila mtu kupimwa afya yake kwanza. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini inachotetea ni kikundi, na kikundi kinaweza kuundwa kwa wilaya, kwa ushirika au kwa taifa zima. Haisemi kwa nini anayetozwa kodi kubwa asaidiwe zaidi. La tatu ni kwamba istilahi yangu inanuka mapato yaliyofichwa. Neno "kodi" mwishoni linaondoa shaka hiyo, na karatasi za Wamarekani wenyewe zinathibitisha. Katika fomu ya mapato ya mwaka ambayo mwajiri mkubwa humpa mfanyakazi, gharama ya bima yake huchapwa katika kisanduku cha 12, mbele ya herufi DD. Kisanduku cha 1, chenye mapato ya kutozwa kodi, hakina hata senti yake.