Mwili Mmoja, Kazi Mbili: Historia ya Maumivu ya Misuli na Viungo katika Bonde la Mkondoa, Munisagara

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu maumivu ya misuli na viungo miongoni mwa wafanyakazi wa mseto, yaani wale wanaogawa siku zao za kazi kati ya ofisi na nyumbani, ulipata nguvu baada ya mlipuko wa UVIKO-19 mwaka 2020. Mara nyingi mjadala huo huichukulia hali ya kufanya kazi katika sehemu mbili kuwa jambo jipya. Insha hii inadai kinyume chake. Historia ya bonde la Mto Mkondoa, ilipo Munisagara wilayani Kilosa, inaonesha kwamba mwili uleule umetumika kwa muda mrefu katika kazi ya ujira na kazi ya nyumbani, na gharama ya kuchakaa kwake imemwangukia mwenye mwili.

2.0 Kutoka Begani hadi Relini

Kabla ya reli, bonde hili lilikuwa mojawapo ya njia za misafara kati ya pwani na bara. Richard Burton na John Speke walilipitia mwaka 1857, naye Henry Morton Stanley mwaka 1871. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, takribani kilo 32, mbali na vyombo na chakula chake mwenyewe. Ngata ilipunguza mchubuko, lakini haikuondoa mgandamizo wa shingo na uti wa mgongo. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa pia wakulima: walisafiri kiangazi, kisha wakarudi kushika jembe. Ujira ulihesabiwa kwa safari. Bega lililoumia halikuingizwa katika hesabu hiyo.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli ilipunguza upagazi wa masafa marefu, lakini ilizaa kazi nyingine ya mgongo: kuinua mataruma, kushindilia kokoto na kuzibua makalvati. Kati ya Kilosa na Gulwe, kupitia Munisagara na Kidete, njia hiyo inafuata mto. Mafuriko makubwa, kama yale ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliyosomba sehemu za reli, huidai kazi hiyo upya.

3.0 Sheria na Maumivu Yasiyo na Tarehe

Sheria ya fidia iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, Sura ya 263, ilijengwa hasa juu ya dhana ya ajali. Mguu uliopondwa na reli una siku, saa na shahidi. Mgongo unaoinamia taruma asubuhi na jembe la mkono jioni hauna hata kimoja. Mwajiri anaweza kulitaja shamba kuwa chanzo cha maumivu, na mfanyakazi hana namna rahisi ya kulikanusha hilo. Kwa hiyo kazi ya sehemu mbili humdhuru mara mbili: huongeza saa za kuinama, kisha huficha chanzo cha maumivu.

Ujuzi wa kitabibu haukukosekana. Kati ya mwaka 1700 na 1713, tabibu wa Italia Bernardino Ramazzini alieleza magonjwa ya wachukuzi na ya waandishi, akionesha kwamba kubeba na kukaa kwa muda mrefu vyote huumiza. Kilichochelewa ni utambuzi wa kisheria. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyopitiwa upya mwaka 2010, ina kundi la magonjwa ya misuli na mifupa. Nchini Tanzania, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilichukua nafasi ya Sura ya 263, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Hata hivyo, wajibu wa kuonesha uhusiano wa ugonjwa na ajira ungali kiini cha dai.

4.0 Hitimisho

Mpagazi, mfanyakazi wa reli na karani anayemalizia kazi ya ofisi mezani kwake nyumbani wanatofautiana kwa zana na kipato, lakini wanafanana kwa jambo moja: maumivu yao hukua kati ya sehemu mbili, na kila sehemu inaweza kuitupia nyingine lawama. Uchunguzi wa afya kazini unaoishia kwenye lango la mwajiri hauwezi kuyaona. Inafaa uanze na siku nzima ya mfanyakazi, tangu anapoamka hadi anapolala, kwa kuwa mgongo wake haubadilishwi anapotoka kazi moja kwenda nyingine.