Aljebra Kabla ya Herufi

Katika shule nyingi aljebra huanza kwa herufi: mwalimu huandika x ubaoni na kuwaambia wanafunzi kwamba hiyo ni namba wasiyoijua. Elimu yenyewe haikuanza hivyo. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za khalifa al-Ma'mun (813–833), aliandika kitabu kilichoipa aljebra jina lake, na ndani yake hamna herufi hata moja inayosimama badala ya namba. Hata namba zenyewe aliziandika kwa maneno. Alichoanza nacho ni mashauri ya watu: biashara, upimaji wa ardhi, uchimbaji wa mifereji na, kwa kurasa nyingi kuliko yote hayo, wasia na mirathi.

Chukua shauri moja kati ya hayo. Mtu amefariki, ameacha wana wawili na dirhamu 10 taslimu. Mmoja wa wanawe alikuwa akidaiwa na baba dirhamu 10 nyingine, na hana cha kulipa isipokuwa fungu lake la urithi. Marehemu ameusia theluthi ya mali kwa mtu baki. Hapa ndipo penye fundo: fungu la mwana halijulikani mpaka ijulikane mali yote, na mali yote haijulikani mpaka ijulikane ni kiasi gani cha deni kitakachorudi. Al-Khwarizmi anakiita kiasi hicho “kitu”, kisha anaendelea kana kwamba anakijua. Mali ni kumi na kitu. Ukitoa theluthi ya wasia na kugawa kinachobaki kwa wana wawili, kila mmoja anapata theluthi ya kumi na theluthi ya kitu. Lakini fungu la mwenye deni ndilo hilo hilo “kitu”. Basi theluthi mbili za kitu ni dirhamu tatu na theluthi, na kitu ni tano. Huo ni mlinganyo kamili. Mwanafunzi wa faraidhi katika madrasa za pwani yetu angeuelewa bila kuonyeshwa x.

Hoja yangu ni kwamba namba iliyofichika haijawahi kuwa ndiyo ngumu. Diofanto wa Iskandaria alikuwa na alama yake tayari katika karne ya 3. Kilichochelewa ni herufi kwa namba inayojulikana, au inayoweza kuwa yoyote. Hiyo aliileta Mfaransa François Viète mwaka 1591, aliyetumia irabu kwa visivyojulikana na konsonanti kwa vinavyojulikana. Descartes akaweka mwaka 1637 desturi tunayoifuata, x, y, z upande mmoja na a, b, c upande wa pili. Kabla yao mwandishi aliweza tu kutatua mfano, kama ule maarufu wa mraba na mizizi yake kumi kuwa thelathini na tisa, akitumaini msomaji ataona njia inayofaa mingine yote. Kwa herufi za Viète, njia yenyewe iliandikika. Hapo ndipo kanuni zilipozaliwa, karne 13 hivi baada ya Diofanto. Vitabu vyetu huvipitisha vyote viwili ndani ya majuma machache: x ya x + 3 = 7 iliyo namba moja tu, na a ya a + b = b + a iliyo namba yoyote. Mwanafunzi anayeona 2x + 5 na kuuliza x ni ngapi hajazembea. Anauliza swali halali la hatua ya kwanza.

Yako mapingamizi. La kwanza ni kwamba mtoto halazimiki kutembea karne zote hizo kwa miguu, na maneno huchosha. Ni kweli: al-Khwarizmi alihitaji aina sita za milinganyo, ambapo herufi, pamoja na namba hasi, hutosheka na moja. Sisemi herufi ziondolewe, nasema zije pale zinapohitajika. La pili ni zito zaidi: mafumbo ya maneno humwonea asiyeimudu lugha. Tanzania, ambako mtoto wa shule ya msingi ya serikali hutoka kwenye Kiswahili na kuingia sekondari ya Kiingereza, jambo hili linauma. Lakini linadai maneno hayo yawe ya lugha anayofikiria nayo, halafu ndipo zije herufi, ambazo hazina kabila.

Hata shauri lile la wana wawili linatosha kuanzia. Badili taslimu kuwa dirhamu 12, jibu ni 6. Badili kuwa 16, jibu ni 8. Darasa litaona lenyewe kwamba fungu ni nusu ya taslimu, na hapo herufi t inapata kazi ya kweli: fungu ni t/2. Kisha weka 30. Kanuni inatoa 15, zaidi ya deni lenyewe la dirhamu 10, na wanafunzi watalazimika kutafuta kanuni hiyo inakoma wapi.