Mita sitini kutoka wapi?

Pwani yote ya Tanga inaijua sheria ya mita sitini, hata asiyewahi kuisoma. Anayetaka kiwanja Raskazone au Mwambani huulizwa kwanza kama kimo ndani ya mita sitini au kiko nje. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inauhesabu ukanda huo wa kando ya bahari miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi, pamoja na mikoko na matumbawe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo ikakataza humo shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira. Namba haina utata. Linaloniumiza kichwa ni neno linaloifuata: kutoka.

Kutoka wapi? Wengi hujibu: ufukweni. Lakini ufukwe ni mchanga, na bahari ya Tanga haikutani na mchanga kila mahali. Kuna hori zenye tope na mikoko, kuna majabali ya matumbawe yanayopigwa na mawimbi. Mwenye kiwanja nyuma ya mikoko anaweza kuapa kwamba hana ufukwe, na kwa Kiswahili safi hajasema uongo.

Pwani ni neno pana zaidi. Ni pale maji yanapopwa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na penye tambarare wanawake huenda mbali kwa miguu kutafuta pweza mahali ambapo saa chache kabla ngalawa zilikuwa zikielea. Pwani basi ina kingo mbili, ya juu na ya chini, na zote husogea kwa kufuata mwezi. Mpimaji akichimbia bikoni siku ya maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu, atamkabidhi mteja eneo ambalo bamvua ijayo italifunika, na ukuta utakaojengwa hapo utapigwa na maji kila mwezi.

Wavuvi hawahitaji kuundiwa istilahi kwa jambo hili. Bamvua, maji mafu, kujaa, kupwa: kila neno lina siku zake katika mwezi. Hata mpaka wa juu unaonekana kwa macho, ule mstari wa mwani mkavu, maganda ya kome na vijiti uliotupwa na maji makubwa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria Tanzania, na kwa maoni yangu sheria ndogo za halmashauri ndipo mahali pa kwanza pa maneno haya kuingia, kabla hatujakimbilia kubuni mengine mezani. Tanga ina uzoefu wa kuwashirikisha wenyeji wa pwani. Katika mradi wa hifadhi ya pwani ulioanza mwaka 1994 kwa fedha za Ireland, maofisa na wanavijiji waliketi pamoja kupanga miamba ipi ifungwe na ipi ivuliwe.

Nawafikiria pia wasio na bahari. Kata ya Pongwe iko bara, kwenye barabara ya Muheza, lakini diwani wake hupiga kura katika baraza lilelile la jiji linalopitisha masharti ya ujenzi wa pwani. Na Pongwe ndiko kiliko kiwanda cha Saruji Tanga, kinachosaga mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari ya kale. Saruji hiyo hurudi baharini ikiwa kuta na hoteli. Diwani wa Pongwe anastahili kusoma kifungu anachokielewa bila kumsubiri mwanasheria.

Ningekiandika hivi: mita 60 zipimwe kuelekea nchi kavu, kuanzia mpaka wa juu wa maji ya bamvua, pawe mchanga, mwamba au mikoko. Halafu baraza liamue mpaka huo utapimwa upya kila baada ya miaka mingapi, maana bahari inapanda, na gharama ya kupima itoke kwa nani.