Kuzisoma Dalili: Utunzaji wa Wagonjwa wa UKIMWI Waliozidiwa na Wajibu wa Mchungaji tangu 1983

Utangulizi

Katika Agano la Kale kazi ya kuzisoma dalili za ngozi ilikuwa ya kuhani. Sura ya 13 ya Mambo ya Walawi inamwonyesha akilitazama baka, akiangalia kina chake na rangi ya nywele zilizomo, akimweka mgonjwa kando kwa siku 7, kisha akimtazama tena kabla ya kutamka neno. Ni utaratibu wa subira. Haumruhusu kuhani kuamua kwa mtazamo wa kwanza. Lakini mara nyingi mwisho wake ulikuwa kutengwa. Bwana Yesu hakuufuta uangalizi huo, maana alimtuma mwenye ukoma aende akajionyeshe kwa kuhani. Alichokibadili ni kwamba kwanza alinyosha mkono, akamgusa (Mt. 8:1-4).

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi dalili za UKIMWI uliokomaa zilivyotambuliwa na kutunzwa nchini Tanzania tangu mwaka 1983. Hoja yetu ni moja. Dalili ziliposomwa vizuri, mgonjwa alipata nafuu hata katika miaka ambayo dawa ya virusi haikuwepo. Ziliposomwa vibaya, kama laana, kama hukumu au kama shauri lililokwisha kukatwa, watu walikufa kwa magonjwa yaliyokuwa na tiba. Sisi watumishi wa Kanisa tumekuwepo katika hali zote mbili.

1. Ugonjwa usio na jina

Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, mkoani Kagera. Ndolage ni hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Basi historia ya ugonjwa huu katika nchi yetu ilianza kuandikwa ndani ya wodi za Kanisa, na jambo hilo halifai kusahauliwa na wanaosomea uchungaji.

Mkoa ulikuwa umetoka vitani. Majeshi ya Idi Amin yaliuvamia mwaka 1978, vita vikaisha mwaka 1979, na nyuma yake vikabaki uhaba wa bidhaa na biashara ya magendo iliyovuka mpaka usiku na mchana. Vijana wa biashara hiyo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukonda na kufa. Kwa hiyo watu wa Kagera waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichouzwa na wafanyabiashara hao. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Rakai, uliitwa Slim kwa sababu ya kukondesha kwake, na mwaka 1985 madaktari wa Uganda pamoja na wenzao waliueleza kwa jina hilo katika jarida la The Lancet.

Majina haya mawili yanatufundisha. Jina la Slim liliyaelekeza macho kwenye mwili wa mgonjwa; jina la Juliana liliyaelekeza kwenye mwenendo wake. Kanisa nalo lilikuwa na njia hizo mbili mbele yake. Wapo waliouliza, kama wanafunzi walivyouliza habari za kipofu, ni nani aliyetenda dhambi (Yn. 9:2). Swali hilo lilitawala mimbari nyingi, na mtu aliyelisikia Jumapili alijifunza kuficha dalili zake siku sita zilizobaki. Ugonjwa unaofichwa huonwa na daktari umechelewa.

2. Ufafanuzi wa Bangui na mipaka yake

Kipimo cha damu kilianza kutumika Marekani mwaka 1985, lakini hospitali nyingi za Afrika hazikuwa nacho. Kwa sababu hiyo wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walikutana Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwezi Oktoba mwaka huohuo, wakatunga ufafanuzi uliotegemea macho, mikono na maelezo ya mgonjwa. Dalili kuu zilikuwa 3: kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10, kuhara kwa zaidi ya mwezi 1, na homa ya zaidi ya mwezi 1. Dalili ndogo zilikuwa kikohozi cha zaidi ya mwezi 1, upele wa kuwasha mwili mzima, mkanda wa jeshi unaorudia, utando mweupe mdomoni na kooni, malengelenge sugu yanayoenea, na kuvimba matezi sehemu mbalimbali za mwili. Mtu mzima mwenye dalili kuu 2 na ndogo 1, pasipo sababu nyingine inayojulikana ya kudhoofika kinga, alihesabiwa kuwa na UKIMWI. Saratani ya Kaposi iliyoenea ilitosha peke yake, na vivyo hivyo homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu aitwaye kriptokokasi.

Ufafanuzi huo ulikuwa msaada mkubwa, kwa kuwa muuguzi wa zahanati asiye na maabara aliweza kuutumia. Lakini ulitungwa kwa ajili ya kuhesabu wagonjwa, wala si kwa ajili ya kumtibu mmoja mmoja. Hebu tutazame: kukonda, homa ndefu na kikohozi kisichokoma ni dalili za kifua kikuu pia, na kifua kikuu hutibika, hata kwa mtu mwenye virusi. Mgonjwa aliyetajiwa UKIMWI kwa dalili hizo, akarudishwa kijijini akafie kwa wazazi wake, huenda alibeba kifuani ugonjwa ambao miezi kadhaa ya vidonge ingeuondoa. Hapo kosa halikuwa la kutokujua dalili. Kosa lilikuwa kuhesabu dalili na kuacha kuuliza.

Hata dawa zilihitaji kusomwa. Thiasetazoni, dawa nafuu ya kifua kikuu iliyotumika sana Afrika Mashariki, iliwaletea wengi wenye virusi madhara makali ya ngozi, na baadhi walikufa. Utafiti wa Nairobi uliotolewa mwaka 1991 uliliweka jambo hilo wazi, na mahali pa dawa hiyo pakachukuliwa na ethambutoli. Ngozi iliyobabuka ingeweza kudhaniwa ni ugonjwa wenyewe unaendelea, kumbe ni kidonge. Aliyemtazama mgonjwa mara ya pili, kama kuhani wa Walawi, ndiye aliyeweza kuitambua tofauti.

3. Kutunza pasipo kuponya

Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Uchunguzi uliofanyika Kagera mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi. Hakuna hospitali ambayo ingeweza kuwalaza wote. Wagonjwa walirudi nyumbani, na kazi ya uuguzi ikawaangukia mama, dada na bibi. Nchini Uganda chama cha TASO kilianzishwa mwaka 1987, na Dar es Salaam WAMATA ikafuata mwaka 1989. Katika Dayosisi ya Kaskazini Magharibi huduma ya watoto, HUYAWA, ilianza kuwatunza yatima waliokuwa wakiongezeka kila mazishi.

Ni vema kueleza utunzaji huo ulikuwa nini, kwa sababu wengi hudhani kwamba kabla ya dawa za virusi hapakuwa na la kufanya. Anayehara alinyweshwa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, hata kama alitapika, kwa kuwa wengi waliuawa na ukavu wa mwili. Utando wa mdomoni ulipakwa dawa ya zambarau au kutibiwa kwa nistatini, na kwa tiba hiyo mtu aliyeshindwa kumeza aliweza kula tena uji na ndizi zilizopondwa. Asiyeweza kujigeuza aligeuzwa kila baada ya muda mfupi, akakaushwa na kubadilishiwa shuka, ili asipate vidonda vya kulalia. Homa ilitafutiwa chanzo chake, kwa maana katika nchi yetu malaria haimwachi mtu kwa sababu ana ugonjwa mwingine.

Maumivu ndiyo yaliyosahauliwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwaka 1986 mwongozo wa ngazi 3 za kutuliza maumivu ya saratani, kuanzia dawa za kawaida hadi morfini, lakini kwa miaka mingi morfini haikufika vijijini. Nchini Uganda huduma ya hospisi ilianza mwaka 1993 kwa morfini ya maji, inayonywewa nyumbani. Katika Kanisa letu, Hospitali ya Selian, Arusha, ilianzisha huduma ya namna hiyo mwaka 1999. Mchungaji aliyewahi kumwombea mtu anayelia kwa maumivu anajua kwamba sala yake haikushindana na dawa. Dawa ilimpa mgonjwa nafasi ya kuisikia sala.

Katika jambo hili tuna urithi. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Martin Luther hakuondoka. Nyumba yake ilijaa wagonjwa, na katika barua yake ya wazi kwa Johann Hess wa Breslau alifundisha kwamba wachungaji wanapaswa kubaki na waliokabidhiwa kwao, na kwamba anayedharau dawa kwa kisingizio cha imani anamjaribu Mungu.

4. Dawa na kikombe

Mwaka 1996 ilithibitika kwamba dawa kadhaa zikitumiwa pamoja huzuia virusi na kumrudishia mgonjwa nguvu. Kwetu bei ilizifanya kuwa habari za mbali, hadi mwaka 2004 serikali ilipoanza mpango wa kuzitoa bure. Watu waliokuwa wamebebwa kwenye machela walirudi shambani kwa miguu yao.

Kisha ukaja mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021, alitoa kijijini Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa ya mizizi ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, akieleza kwamba alioteshwa na Mungu. Maelfu kwa maelfu walipanga foleni, na baadhi ya viongozi wa Kanisa waliunga mkono hadharani. Hatuandiki ili kumhukumu marehemu. Lakini wapo waliokunywa wakaamini wamepona, wakaacha vidonge vyao. Kwa mwenye virusi kuacha dawa hakuumi siku ya kwanza. Mtu hujisikia vizuri kwa majuma au miezi huku virusi vikiongezeka, na dalili zirudipo kinga imekwisha kuharibika. Kujisikia vizuri kulisomwa kuwa uponyaji. Ilikuwa dalili iliyosomwa vibaya, na mara hii ilisomwa vibaya ndani ya nyumba yetu wenyewe.

5. Dalili zilizojificha

Tangu mwaka 2016 Tanzania imefuata mwongozo wa kumwanzishia dawa kila anayegundulika, bila kungoja augue. Hata hivyo wapo wanaopimwa wamechelewa, na wapo walioacha dawa na kurudi wakiwa hoi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya hatua hii ya ugonjwa. Mtu mzima aliye na seli za CD4 chini ya 200, au aliye katika hatua ya 3 au ya 4 ya ugonjwa, anahesabiwa kuwa na UKIMWI uliokomaa, na mwongozo huo wa mwaka 2017 ulimhesabu hivyo pia kila mtoto mwenye virusi aliye chini ya miaka 5. Wengi wao hutembea na hawaonekani wagonjwa. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukatolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kupima kuvu wa kriptokokasi katika damu kabla ya dalili, pamoja na kuwatembelea wagonjwa nyumbani katika majuma ya kwanza ya dawa, kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Waliowatembelea hawakuwa madaktari, bali wahudumu waliofundishwa.

Mchungaji hatoi dawa, lakini anaingia vyumbani asimoingia daktari. Ajue basi dalili zisizongoja kesho: kichwa kinachouma kwa siku nyingi, hasa pamoja na kutapika au kuchanganyikiwa; kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika; homa ya nyuzi 39 au zaidi; kushindwa kutembea bila kushikwa; maumivu ya kumeza; kuanza kutoona vizuri. Ajue pia kwamba mgonjwa wa kuvu ya uti wa mgongo hutibiwa kuvu kwanza, na dawa za virusi hucheleweshwa kwa majuma 4 hadi 6, kwa sababu kinga inayoamka ghafla huweza kumdhuru. Familia ikilalamika kwamba hospitali imemnyima dawa, neno la mchungaji aliyeelewa laweza kumzuia mgonjwa asitoroshwe wodini.

Hitimisho

Historia hii fupi imeonyesha kwamba Ndolage ilitazama kabla ya kuhukumu, na kwamba Samunge tulitamka kabla ya kutazama. Mwanafunzi wa theolojia hufundishwa namna ya kuongoza mazishi. Na afundishwe pia kuuliza kando ya kitanda: umeanza lini kuumwa kichwa, unameza, dawa zako ziko wapi, uliacha lini? Na akiisha kusikia majibu, aahirishe ibada nyingine yoyote atafute usafiri wa kumpeleka mgonjwa hospitali.